Giaboksi Iliyoning'inia Kebirigo

Nyinyi mnaoshika spana pale Daraja Mbili mmeniona mara nyingi nikipita na fimbo yangu, mkadhani ni mzee anayetafuta ndizi za bei nafuu. Huwa nasimama kuwatazama. Juzi nilimwona mmoja wenu akichomeka kijiti cha plastiki katikati ya klachi, akakaza bolti zake, akachomoa kijiti, na giaboksi ikaingia bila ubishi. Nikamuuliza kijiti kile kinafanya nini. Akanijibu, "Mzee, bila hiki haiingii." Nikamuuliza kwa nini haiingii. Akacheka, akaniambia niende nikanywe chai.

Sikuudhika. Hata mimi niliacha shule kwa swali la namna hiyo. Nilikuwa darasa la tatu, nikamuuliza mwalimu kwa nini lori likipanda mlima wa Kisii hupiga kelele kuliko likiteremka, na hali mtu akipanda mlima hunyamaza ili ahifadhi pumzi. Mwalimu akasema, "Nenda kaliulize lori." Nilikwenda, na darasani sikurudi tena. Baba yangu mzazi alinitafuta akanikuta kwenye kinu cha kusaga mahindi cha Mhindi mmoja mjini, nimelala chali, natazama mkanda unavyozunguka.

Tangu hapo nimefanya kazi mahali pengi. Nimekata miwa upande wa ziwani, nimechuma chai Kericho, nimebeba mawe Ogembo. Popote nilipokuwa, gari likiharibika naacha nilichoshika nakwenda kuchungulia. Wengine waliniita mvivu. Sijui kama walikosea.

Sasa niwaambie ninachokijua kuhusu klachi, ingawa sina hakika kwamba ninachokijua ni kingi kuliko kilichonichanganya.

Aliyenifundisha ni Fundi Okech, Mjaluo aliyekuja Kisii baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa amefunga injini jeshini, huko Bama, yaani Burma, kwenye matope ambayo alisema matope yetu ya Nyamira ni unga mbele yake. Ekegusii, lugha yetu Wakisii, hakujua hata neno la kuombea maji, nami Kijaluo nilijua matusi tu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja wetu aliisema vibaya kwa namna yake. Aliniita "omera", yaani ndugu yangu, akiwa amefurahi na hata akiwa amekasirika. Ilibidi usikilize sauti ujue ni ipi.

Siku ya kwanza nilipomuuliza klachi ni nini, hakuninyima. Alichuma jani la mgomba, akalikata mviringo kama sahani, akaniambia nikunjue viganja.

"Kiganja hiki ni flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini. Kiganja hiki ni kifuniko chenye springi. Jani ni pleti. Pleti inakaa wapi?"

"Sijui, Fundi."

"Katikati."

Akaniwekea jani kati ya viganja, akaniambia nibane. Nikabana, akazungusha mkono wangu mmoja, jani likazunguka nao. "Hapo gari inakwenda. Sasa legeza." Nikalegeza, jani likabaki huru, viganja vikazunguka bila kulisumbua. "Hapo dereva amekanyaga klachi. Umeelewa?"

Nilielewa. Tena niliona fahari, kwa sababu lile swali la mwalimu lilianza kupata jibu. Ila shikeni neno hilo, katikati. Lilitutesa baadaye.

Kuna jambo moja ambalo jani la mgomba halikunionyesha. Pleti ina tundu lenye meno, na shafti ya giaboksi hupita kwenye tundu hilo. Haiishii hapo: ncha yake huendelea mbele mpaka iingie kwenye bushi, pete ndogo ya shaba iliyo kwenye kitovu cha flaiwili. Kwa hiyo ukikaza kifuniko wakati pleti imeshuka hata unene wa ukucha, tundu la pleti na bushi havitazamani. Shafti itapita kwenye meno ya pleti, kisha ncha itagonga chuma. Giaboksi itasimama na pengo la kidole, na hapo hata mje ukoo mzima msukume, haiendi.

Ndiyo maana ya kile kijiti cha plastiki. Sisi tulitumia mpini wa jembe, ingawa mimi nilikuja kulijua hilo baada ya Kebirigo. Unauchonga ncha itoshe bushi, halafu unauviringishia nyuzi za mgomba mpaka ujae tundu la pleti, si kwa kubana sana wala kwa kulegea. Unauchomeka ukibeba pleti, unakaza kifuniko bolti hii kidogo na ya ng'ambo yake kidogo, unazunguka hivyo mpaka zote zikaze, ndipo unachomoa mpini. Ukikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya nyingine, kifuniko hupinda. Hilo nililiona Ogembo kwa fundi mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda arusini. Gari lile lilitetemeka kila lilipoondoka, kama mbuzi aliyemwagiwa maji, na fundi mwenyewe akaapa ni ubaya wa barabara.

Fundi huyo huyo aliwahi kuweka pleti kinyume, mgongo mbele. Kila upande una uso wake, mjue. Ule wenye kitovu kirefu mara nyingi hutazama giaboksi. Lakini si magari yote, na hapo ndipo mtu huchanganyikiwa. Okech alikuwa na dawa ya hilo: kabla hujafungua kitu, kitazame mpaka uweze kukichora mchangani ukiwa umefumba macho.

Basi, Kebirigo.

Pale Kebirigo palikuwa na mtu akiitwa Nyandika, mwenye lori moja la kubebea ndizi na mbao. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mpole, mwenye kola safi hata shambani. Lori lake lilianza kunuka kwenye milima, harufu ya pembe iliyochomwa. Mkiisikia harufu hiyo jueni pleti imekwisha. Halikuweza hata kufika mjini, kwa hiyo alitufuata yeye, tukapanda naye na vyombo vyetu.

Njiani alitueleza haraka yake. Makambi yalikuwa yanaendelea, ule mkutano mkubwa ambapo Wasabato hulala kwenye mahema juma zima, na Sabato ya mwisho watu hubatizwa mtoni. "Baba atabatizwa Sabato hii," alisema. "Miguu yake haiwezi kilima. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, mwaka juzi mvua ilikata barabara. Mwaka ujao," akatikisa kichwa, "sijui kama tutakuwa naye. Lori lisipokwenda, baba hatabatizwa."

Okech alimhurumia huyo baba. Tulipofika alitafuta gunia akalijaza majani makavu, akalifunga kwenye kiti cha mbele. "Wazee huumia mgongo," alisema.

Ijumaa asubuhi akatoka nyumbani bibi kizee mfupi mwenye gongo, akaja kukagua kiti. Akakibonyeza, akaguna. Okech akaniuliza pembeni, "Omera, huyu ni nani?"

"Ndiye baba yake Nyandika."

Akamtazama tena bibi. "Baba."

"Ndiyo. Sisi mama tunamwita baba."

"Na baba mnamwitaje?"

"Tata."

Akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi. "Na nyinyi ndio mnasema lugha yetu ni ngumu."

Kazi ilikwenda vizuri hadi adhuhuri. Giaboksi tulikuwa tumeishusha kwa kamba iliyofungwa kwenye gogo lililopita milango yote miwili ya lori, na sakafu ya mbao tumeing'oa. Okech alikuwa nje anasugua beringi, mimi niko chini ya lori nafunga pleti mpya. Akaniuliza kwa sauti, "Omera, pleti iko katikati?"

Nikatazama. Huku flaiwili, huku kifuniko, pleti ipo kati yao kama lile jani la mgomba.

"Iko katikati, Fundi."

"Katikati kabisa?"

Swali hilo lilinishangaza. Kitu kikishakuwa kati ya vitu viwili, kitazidije kuwa kati? Lakini nikajibu, "Kabisa." Nikakaza.

Tukaining'iniza giaboksi, tukaipandisha, tukaisukuma. Ikaja, ikaja, ikasimama. Pengo la kidole. Okech akaniambia nizungushe shafti ya nyuma kidogo, labda meno hayajakutana. Nikazungusha. Tukasukuma kwa mabega, kwa miguu, kwa matusi ya lugha mbili. Pengo la kidole. Nikasema tufunge bolti ndefu tuivute iingie kwa nguvu. Okech akanikataza kwa sauti ya chini kabisa, ile ya kutisha. Mkumbuke hili kuliko yote: giaboksi inayokataa isivutwe kwa bolti. Ina sababu yake ya kukataa, na ukiilazimisha utavunja sikio la nyumba yake, pale bolti inapopita, ubaki na vipande viwili vya kitu ambacho hakiuzwi hapa.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea vilima vya magharibi wakati Okech aliponiuliza, taratibu, "Pleti uliisimamisha kwa mpini gani?"

"Mpini wa nini?"

"Wa kuiweka katikati."

"Iko katikati. Ya flaiwili na kifuniko."

Akalala chali karibu nami, akafumba macho. Nilidhani anaomba. "Omera," akasema, "mimi niliuliza katikati ya duara. Kwenye kitovu."

"Ulisema katikati."

"Nilisema katikati."

"Na siku ya jani ulisema katikati."

"Nilisema." Akafungua macho. "Lugha hii ni maskini."

Mpaka leo sijui nani kati yetu alikosea. Nimewauliza walimu wawili wa Kiswahili, wakabishana wenyewe.

Kuishusha giaboksi, kufungua kifuniko na kuanza upya kungechukua muda ambao jua halikuwa nao, kwa maana Sabato yao ya Jumamosi huanza Ijumaa jua linapozama, na tangu hapo kazi ni mwiko. Ila Okech alikuwa na njia moja ya jeshini. Shafti ilikuwa tayari imo ndani ya meno ya pleti. Mtu akikanyaga klachi wakati huo, kifuniko huachia, pleti inakuwa huru, na ukiinua giaboksi kidogo kidogo shafti huibeba pleti mpaka ncha iipate bushi. Tukaunganisha fimbo ya pedali. Yeye akashika mbele ya giaboksi, mimi nyuma, na kamba ikabeba uzito uliobaki. Ulihitajika mguu wa tatu.

"Mzee," Okech akaita, "njoo ukanyage klachi."

Kutoka chini ya lori niliona viatu vya Nyandika vikisimama, vimepakwa rangi. "Fundi, acheni. Jua limegusa kilima. Sabato imeingia."

"Mimi ni Mkatoliki, mzee. Siku yangu ni Jumapili."

"Lori ni la Msabato."

"Limebatizwa lini?"

Nyandika hakucheka. Alisema amri ya Sabato inamgusa mwenye nyumba, watumishi wake, wanyama wake na mgeni aliye malangoni mwake, kwa hiyo inatugusa hata sisi.

"Sawa," Okech akasema, akaikumbatia upya giaboksi. "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato mnamwacha?"

"Tunamtoa."

"Basi giaboksi imetumbukia."

"Haijatumbukia. Inaning'inia. Na nyinyi hamtaki kuitoa, mnataka kuiingiza."

Hapo nilichanganyikiwa kabisa, na jasho linaniingia machoni. Kuiacha hatukuweza. Giaboksi ikining'inia kwenye pleti usiku kucha, kiuno cha pleti hupinda, na kamba ile ilikuwa kuukuu. Kuitoa ni kazi. Kuiingiza ni kazi. Hata kuishikilia, nikawaza, ni kazi, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Nikamuuliza Nyandika kwa Ekegusii kama kushikilia kunaruhusiwa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema kwamba hilo hakuwahi kufundishwa.

"Amesemaje?" Okech akauliza.

"Anasema hajui."

"Mwambie mikono yangu inajua."

Ndipo nikasikia gongo. Yule bibi alikuwa ameketi mlangoni muda wote, na nguo yake nyeupe ya kesho imekunjwa magotini.

"Nyandika," alisema kwa Ekegusii. "Mimi nimebatizwa?"

"Bado, baba. Ni kesho."

"Kwa hiyo leo mimi ni wa wapi?"

"Leo wewe ni wa darasa la ubatizo."

"Wa darasa yuko ndani au yuko nje?"

"Yuko mlangoni, baba. Na amri inamgusa aliye malangoni mwangu."

"Malango yako." Gongo likagonga chini. "Boma hili tata yako alimjengea nani? Wewe ulizaliwa humu ukanikuta. Wewe ndiye uliye malangoni mwangu. Nishike mkono, nataka kukaa kwenye kiti changu."

"Anasemaje sasa?" Okech akanong'ona.

"Baba yake anasema boma ni lake, kwa hiyo amri ni yake, na yeye bado hajabatizwa."

"Nani? Mama?"

"Ndiyo, baba."

"Nyamaza tu, omera."

Nikaona viatu vya Nyandika vikisogea karibu na miguu mitupu ya yule bibi, kisha miguu ile ikapanda juu. Kumwinua mzazi si kazi, nadhani hilo hakuhitaji kuuliza. Gunia la majani likalia. Okech akaniambia, "Mwambie pedali ya kushoto." Nikapaza sauti, "Magokoro, ya mkono wa kushoto." Tunawaita hivyo bibi zetu. Pedali ya breki ikashuka.

"Hiyo si yenyewe, magokoro."

"Niliipima tu," akasema.

Miguu yake haikufika vizuri, kwa hiyo aliteleza mbele ya kiti, akaning'inia kwenye usukani kwa mikono yote miwili, akasimama juu ya klachi kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Nikasikia springi zinaachia. Okech akainua ncha ya giaboksi taratibu, akaishusha, akaiinua tena nusu ya unene wa kidole. Ikaingia bila nguvu, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayemeza mate. Pengo likafungika.

Okech akapitisha ukucha pale palipokuwa na pengo, haukuingia.

"Imeingia?" bibi akauliza.

"Imeingia, magokoro. Lakini haijafungwa bolti."

"Basi fungeni. Nyinyi jioni hii ni vibarua wangu."

Nyandika alikuwa bado amesimama. Nilingoja atukataze. Viatu vikageuka, vikaingia nyumbani, na baada ya kitambo nikamsikia anaanza wimbo wa kufungua Sabato, peke yake, kwa sauti ya juu. Wimbo huo naujua, si mrefu. Alipofika mwisho, nasi bado hatujamaliza bolti za juu ambazo spana hugeuka robo tu, akaurudia toka mwanzo. Halafu akaurudia tena. Aliendelea mpaka mlio wa spana ulipokoma, naye akakoma. Sijui alikuwa anaimba ili asitusikie, au alikuwa anatusikiliza ili ajue lini aache. Nilifikiri kumuuliza kwa miaka mingi, nikikutana naye sokoni, na kila mara nikamuuliza bei ya mbao.

Asubuhi lori lilipanda kilima bila harufu. Bibi alikaa mbele na nguo yake nyeupe, sisi nyuma na waimbaji. Okech alisema anakuja kusikiliza kama klachi inateleza, lakini tulipofika hakubaki kwenye lori. Alishuka nami hadi mtoni, akasimama kwenye majani, kofia mkononi.

Waliobatizwa waliingia majini mmoja mmoja. Pasta alimuuliza kila mtu maswali yale yale, na kila mtu akajibu ndiyo. Bibi aliingia akiwa ameshikwa na Nyandika, maji yakamfika kifuani. Pasta akamuuliza kama ameacha dhambi. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama ataitunza Sabato.

"Kuanzia sasa," akasema.

Pasta alidhani bibi hakusikia vizuri. Akainama, akarudia swali karibu na sikio lake.

"Nimekusikia, mwanangu. Kuanzia sasa."

Pasta akamtazama Nyandika. Nyandika alikuwa anatazama maji. Basi pasta akaweka mkono mgongoni kwa yule bibi, akamzamisha.